Mwano wa Maji

Nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya maafa ya mtaa wetu kwa sababu nina mashine ya kutoa kopi. Sababu nyingine hakuna. Mwenyekiti wa mtaa alikuja dukani kwangu, steshenari ndogo hapa Nyahanga, Kahama, akaomba nimtolee kopi kumi za barua, na kabla mashine haijatema karatasi ya mwisho nilikuwa nimeshakuwa katibu. Nikamuuliza kamati yenyewe inashughulika na maafa gani. Akainua barua, akaisoma kwa mara ya kwanza, akacheka, kisha akanigeuzia nisome mwenyewe. Mafuriko.

"Shinyanga hii hii?" nikamuuliza.

"Hii hii. Tena wanataka majina leo."

Asiye wa huku huenda asione kichekesho. Sisi ni watu wa jua. Zamani mkoa wetu ukitajwa redioni, ujue ni ukame, ni chakula cha msaada, ni ng'ombe waliokufa kwa kiu. Mtoto wa huku hujifunza mapema kwamba maji ni kitu cha kukamata. Tunachimba malambo, tunainua matuta ya majaluba ili tone lililoanguka shambani lisitoke humo mpaka mpunga uive. Kumwambia Msukuma ajiandae kuyakwepa maji ni kama kumwambia mwenye njaa akae mbali na sufuria. Nilipobandika tangazo la kwanza ukutani, wateja walilisoma, wakanitazama, wakanipa pole.

Lakini mvua ilikuwa imebadilika, na wote tulikuwa tunaiona. Misimu miwili mfululizo ilichelewa mpaka watu wakaanza kunung'unika, kisha ikaja yote kwa mkupuo, kama mtu aliyekumbuka deni akalitupa mlangoni. Na mji nao umekua. Dhahabu imeleta watu Kahama, watu wameleta mabati na lami na sakafu za saruji, na maji yaliyokuwa yakizama mbugani taratibu siku hizi yanateleza juu kwa juu hadi bondeni. Msimu uliopita yalipita na vyoo viwili na banda la kuku. Msimu huu watu wa hali ya hewa walisema mvua zitakuwa juu ya wastani. Na huko bondeni, hatua chache kutoka kwenye kijito ambacho sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, ndiko alikokuwa anaishi mama yangu.

Hapo kicheko changu kiliishia. Wenzangu kwenye kamati waliifanya kazi ile kwa ajili ya mtaa, wengine kwa ajili ya posho iliyosemekana ipo. Mimi niliifanya kwa ajili ya mwanamke mmoja mwembamba, mbishi, mwenye nyumba ya tofali mbichi.

Tofali mbichi si kitu cha kuchezea. Ni udongo uliokaushwa juani bila kuchomwa. Ukiupa kivuli na lipu nzuri utakaa miaka mingi, lakini ukiulowesha miguuni kwa saa moja unalainika na kuketi chini. Mama alilijua hilo kuliko mimi, maana tofali zile alizifyatua mwenyewe. Nilimjengea chumba kwangu. Kwangu, pamoja na duka, ni juu, mkabala na shule ya msingi, mahali tunapopaita kilimani kwa sababu hatuna kilima cha kweli. Chumba kina dirisha la vioo na sakafu ya saruji. Akakikagua, akasema "wabeja, ng'wanone," yaani ahsante, mwanangu, na wiki iliyofuata akakijaza magunia ya michembe, vile viazi vyake vilivyokatwa na kukaushwa. Yeye mwenyewe akabaki bondeni.

"Mayu," nikamwambia, "chumba ni cha kulala."

"Michembe imelala."

Sababu zake zilikuwa nyingi na kila wiki aliongeza mpya. Nani atafukuza ndege kwenye mpunga? Nani atamwamsha mpangaji wake? Mpangaji huyo alikaa chumba cha uani, mchimbaji aliyetoka pwani kutafuta dhahabu. Usiku alikesha kwenye duara, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao, na mchana alilala kama gogo. Lakini sababu kuu aliitoa siku moja akiwa anapepeta mchele, wala hakuniinulia macho.

"Nimekimbia jua maisha yangu yote. Leo nikimbie mvua?"

Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haisemi lolote kuhusu mkuu asiyesikia.

Basi nikaenda kwenye semina. Ilikuwa mjini Shinyanga, kwenye ukumbi mmoja pale Ngokolo, siku mbili zenye chai, sambusa na maneno marefu. Mkufunzi alikuwa mpole, mwenye sauti nzuri, na alikuwa ametoka mbali. Alituonyesha ramani, akatufundisha kutambua njia za maji, mahali pa juu, kaya zilizo hatarini. Nilipenda. Niliandika kila kitu. Mwishoni alitupa vizibao vya kung'aa na filimbi sita za rangi ya chungwa, akatueleza utaratibu. Mtu mmoja akae karibu na mto, akiona maji yanapanda apulize filimbi mara tatu, nguvu zake zote, na wananchi wakisikia wakimbie kuelekea mahali pa juu.

Ukumbi mzima ulitikisa kichwa kukubali. Nami nilitikisa. Mimi, mtoto wa Kisukuma, niliyezaliwa na kulelewa ndani ya mwano, nilikaa pale na sambusa mkononi nikaona ni utaratibu mzuri.

Mwano, kwa asiyeujua, ni wito. Ng'ombe wakiibwa, au mtu akivamiwa, anayeona hupiga yowe au filimbi, na kila anayesikia huacha alichoshika, huchukua fimbo, huenda. Haendi kokote tu. Anaenda kule kule sauti inakotoka. Ukiwa unakula unaacha ugali. Ukiwa umemkasirikia aliyeita, utamkasirikia kesho. Asiyekwenda hufuatwa baadaye nyumbani kwake na kuulizwa kilichomzuia, na jibu lake lisipotosha atatoa faini. Haya mtu hafundishwi darasani. Miguu inayajua.

Zoezi letu tulilifanya Jumamosi asubuhi. Fundi baiskeli, mzee mmoja mtulivu mwenye kibanda kando ya kalavati, ndiye tuliyempa filimbi, kwa kuwa anashinda pale na anayaona maji kabla ya yeyote. Mimi na mwenyekiti tulisimama naye tukiwa na vizibao na bango langu, "Kinga ni Bora Kuliko Tiba", nililolichapa kwa wino wa rangi. Tulikuwa tumetangaza zoezi mtaani, lakini unajua matangazo. Fundi akapuliza mara tatu.

Halafu nikasikia yowe moja nyumba za juu, likajibiwa na jingine, na jingine, na mtaa mzima ukateremka bondeni. Walikuja na fimbo, mapanga, mmoja na mkuki ambao sikujua kama bado watu wanao. Vijana wa bodaboda waliacha abiria njiani. Mwinjilisti alikuja na mkanda wa suruali mkononi. Na mbele ya wote, kwa kuwa kwake ndiko karibu zaidi, alikuja mama yangu na jembe begani, macho makali, akaja kusimama mahali hasa ambapo, kwa mujibu wa ramani yangu, maji yangemkuta kwanza.

"Wamepita wapi?" akauliza.

"Nani, mayu?"

"Wezi."

Mwenyekiti akajikohoza, akaeleza kwamba hakuna wezi, hili ni zoezi la mafuriko, na kwamba wananchi walitakiwa wakimbie upande ule mwingine. Umati ukageuza shingo kutazama kilimani walikotoka, kisha ukazirudisha kwenye kijito. Kulikuwa na mchanga, na mbuzi mmoja anakula mfuko wa nailoni.

Sitaki kuyaeleza yote yaliyosemwa. Kwa ufupi, kupiga mwano wa uongo ni kosa, na wazee wa sungusungu, wale walinzi wetu wa jadi, waliamua papo hapo kwamba mwenyekiti atoe mbuzi. Alitoa. Tulimla siku ile ile, na naweza kusema hakuna mkutano wa kamati yetu uliowahi kuhudhuriwa vizuri kama ule. Mama alikula akashiba, akafuta mikono, akanijia.

"Hiyo filimbi yenu ya pale kwenye kalavati," akasema, "ikilia tena naziba masikio."

Nilicheka na wengine, lakini usiku niliikunjua ramani yangu tena. Nilikuwa nimemwona mama yangu, kwa macho yangu, akikimbilia kwenye maji. Tena ningekuwa nimemwita mimi.

Kamati ikakaa. Mwenyekiti alitaka kengele ya kanisa. Mwingine alitaka kipaza sauti cha msikitini, na imamu mwenyewe hakuwa na kinyongo. Mwingine akasema tutume ujumbe kwenye simu. Wote walikuwa na hoja, lakini mimi namjua mama yangu: kengele kwake ni ibada, tangazo analisikia akiwa amekaa, na ujumbe wa simu husomewa na mpangaji akiamka. Sauti moja tu ndiyo inayomwinua. Nilikuwa naliwaza hilo siku moja nikiwa natoa kopi za mitihani ya darasa la nne, karatasi zinaingia huku zinatokea kule, nikajiona mjinga. Kama watu wanakimbilia filimbi ilipo, shida si watu. Filimbi ndiyo iko mahali pasipostahili.

Nilimpigia mwenyekiti simu na wino mikononi. Fundi baiskeli abaki kwenye kalavati, nikamwambia, lakini badala ya filimbi awe na vocha. Akiona maji anipigie. Filimbi nipulize mimi, kwenye uwanja wa shule, kilimani. Watakimbilia kwangu.

Mwenyekiti pengine alikuwa anamfikiria mbuzi wake.

"Yaani tuwadanganye?"

"Tunawaita tu. Wakifika tutawaambia wameitiwa nini."

Safari hii tulitangaza vizuri, nyumba kwa nyumba, na watu wakaelewa haraka. Mama siku ile alikuwa kwenye majaluba. Ningeweza kumfuata. Sikumfuata, na wala sikurudi jioni. Niliona kwamba nikimwambia filimbi ya kilimani nayo ni ya maji, ataizibia masikio kama ile ya kwanza. Niliona aibu kumficha mama yangu jambo, nikamficha hivyo hivyo.

Maji yalikuja siku ya jua. Hilo ndilo lililonitisha baadaye, kwamba juu yetu mbingu zilikuwa nyeupe na nguo zilikuwa kambani. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu tangu asubuhi, mbali, tukaona wingu jeusi tu limekaa. Saa tisa alasiri fundi baiskeli akapiga. Mzee yule hana maneno mengi.

"Katibu, kalavati silioni."

Nilimpigia mama kwanza. Nakiri, utaratibu haukusema hivyo. Aliitika nikasikia mchi unatwanga nyuma ya sauti yake.

"Mayu, toka huko. Njoo kwangu sasa hivi, maji yanakuja."

"Maji gani? Huku jua linawaka, nimeanika mpunga."

"Mayu, nakuomba."

"Tena ninyi na maji yenu," akasema, akakata.

Nilivuka barabara mbio na duka likiwa wazi, nikasimama katikati ya uwanja wa shule nikapuliza. Sikuhesabu mara tatu. Nilipuliza mpaka midomo ikafa ganzi, mpaka walimu wakatoka, mpaka yowe la kwanza likajibu kutoka nyumba za chini. Wakaanza kupanda. Nilicheka na kulia kwa pamoja nilipowaona, maana walikuwa wameelewa, lakini miguu na mikono yao ilikuwa na akili zake: magodoro kichwani, watoto mgongoni, na bado kila mmoja ana fimbo. Mwinjilisti alileta redio na panga. Kila kichwa kilichochomoza kwenye njia ya bondeni nilikitazama, na kila mara hakikuwa chake. Sijawahi kuwachukia watu wazima na wenye afya kama nilivyowachukia wale dakika zile, kwa kosa la kutokuwa mama yangu.

Halafu akatokea. Alikuja kwa njia ya mkato, kwenye miiba, pekupeku, khanga imemdondoka begani, mchi kaushika kwa mikono miwili. Alikuwa anahema vibaya. Akanipita kidogo, akageuka huku na huku akitafuta wa kumpiga, kisha akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, mara mbili.

"Ni maji, mayu," nikasema.

Akatazama chini. Kijito chetu cha mchanga kilikuwa kimekuwa kipana na chekundu, matuta ya majaluba hayaonekani, na kinapita kimya, bila haraka, kati ya nyumba. Turubai lake la mpunga lilielea kidogo likageuka. Nilingoja aseme neno, nikajiandaa kwa lolote. Lakini alikuwa ameanza kugusa watu kwa macho, mmoja mmoja, kama wazee wanavyofanya kwenye mwano kujua nani hakuja.

"Mpangaji wangu yuko wapi?"

Nikafungua daftari. Nilikuwa na orodha nzuri, nimeichapa, kaya zote za bondeni kwa namba na idadi ya watu. Kwenye kaya ya mama niliandika mtu mmoja. Niliorodhesha wenye nyumba. Waliolala vyumba vya uani, wanaokuja na kuondoka na machimbo, sikuwauliza.

"Hayumo humu," nikasema.

"Yumo kitandani," akasema mama. "Kwao filimbi ni ya mpira. Hawezi kuamka kwa filimbi."

Hakuna aliyesubiri mwenyekiti aseme. Wanaume wanne waliteremka na kamba ya ng'ombe, maji yakawa magotini, kisha kiunoni, wakapotelea nyuma ya nyumba. Mama alisimama ukingoni mwa uwanja, na mimi nikawa nahesabu madirisha ya shule ili nisitazame. Walitoka na mchimbaji katikati yao, yuko na bukta, amefumba nusu ya macho, analalamika kwamba maji ni baridi. Walikuwa wamefika kwenye mteremko mkavu ukuta wa chumba cha uani ulipoketi chini. Haukutoa mlio mkubwa. Nyumba yenyewe ilifuata kabla ya jua kuzama, chumba kimoja kimoja, na bati likabaki juu ya tope.

Siku ile tulilala kilimani wote tulioitwa, madarasani, na hakuna aliyekosekana. Mwenyekiti alizunguka akipokea pongezi kama harusi ni yake. Wazee wa sungusungu walisema mwano ulikuwa wa kweli na hakuna mbuzi.

Jioni nilimkuta mama kwenye chumba nilichomjengea, ameketi juu ya gunia la michembe kwa sababu kitanda kilikuwa hakijaingia bado. Mchi ameuegemeza ukutani. Nilikuwa nimebeba jambo langu tangu alasiri, nikaona niliseme kabla hajalisikia kwa wengine. Nikamwambia kwamba filimbi ya kilimani ilikuwa mpango wetu wa maji tangu wiki zilizopita, kwamba mtaa mzima ulijua, na kwamba yeye nilimficha makusudi ili atoke mbio akidhani ni wezi. Nikamwomba radhi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa, akionekana kunihurumia kidogo kwa akili zangu.

"Kilimani kuna ng'ombe wa nani, ng'wanone?"

"Hakuna."

"Wezi wapande mpaka shuleni kuiba chaki?"

Nikautazama mchi pale ukutani.

"Nilijua ng'ombe hawapo," akasema. "Kilimani kuna wewe. Umenipigia unalia, nimekukatia simu, mara nasikia mwano unatoka kwako. Ningefikiri nini?"

Alinyoosha miguu yake mbele, taratibu, kwenye sakafu ya saruji. Wayo wa kulia ulikuwa umepasuka kutoka kidole gumba mpaka katikati, damu imekauka na vumbi, na mimi nilikuwa sijauona mpaka wakati ule.